Amina Zilizofukia Zamu Yangu

Mimi nikikasirika sipigi kelele, nafagia. Siku niliyokosa mashine nilifagia uwanja mpaka kuku wakahamia kwa jirani.

Kikundi chetu cha wakulima wa korosho hapa Ziwani kina mashine moja ya kupulizia salfa. Nuhu, mpulizaji wetu, huibeba mgongoni, akapita shamba hadi shamba alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, maana salfa ni unga, na bila umande haishiki. Mikorosho ikitoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga nao huja. Ukichelewa kupuliza, maua yanajaa weupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, kisha yanakuwa meusi na kupukutika, na msimu wako ndio umekwisha. Kwa hiyo zamu ya mashine kwetu si mchezo. Muzamil, katibu wetu, ndiye aliyekuwa akizitangaza kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa lile kundi! Asubuhi salamu, na kila mtu ajibu. Asiyejibu ana neno moyoni. Kisha picha ya waridi yenye dua. Ijumaa ndiyo usiseme. Jioni ya kuamkia zamu yangu Muzamil aliandika, "Kesho mashine ipo kwa Safina," yaani mimi. Hapohapo chini yake akaweka tanzia: dada yake Mzee Chande, mwenyekiti wetu, amefariki huko Nanyamba. Basi kundi zima likamiminika, Amina juu ya Amina, na tangazo langu likafukiwa kabla ya marehemu.

Mimi nilifungua simu nikakutana na msiba. Nikaandika Amina yangu, nikafunga mlango, na jua halijatoka nilikuwa ndani ya gari la Nanyamba. Nuhu akafika shambani kwangu, akakosa wa kumpa salfa. Salfa nimeifungia ndani, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga, na mimi niko Nanyamba namlilia dada wa mwenyekiti. Akapita kwenda kwa mwingine.

Sheria yetu ni kwamba aliyekosa zamu anarudi mwisho. Na mwisho maana yake ni baada ya shamba la Mzee Chande, kubwa kuliko yote, linalokaa na mashine siku tele. Maua yangu yasingesubiri hivyo. Mikorosho ile aliniachia marehemu mume wangu, na sina kingine cha kuniweka mjini wala kijijini.

Nikaenda kwenye kikao, barazani kwa Muzamil.

"Shikamoo, Mzee Chande. Nilikosa zamu kwa sababu nilikuwa kwenye msiba wako."

"Marahaba, mama Husna. Najua, na Mungu akulipe," akasema, na alimaanisha. "Lakini sheria tuliiweka wote. Asiyekuwapo na lake halipo."

Tabu, jirani yangu, akaninong'oneza nisuse, nitoke kikundini. Nisuse mashine niliyoichangia kwa jasho langu? Ukisusa, wenzio wala.

"Zamu siiombi," nikasema. "Nina jingine. Tufungue kundi la pili, la mashine tu. Aseme mmoja, wengine wasikilize."

Barazani pakachafuka. Huyu aliuliza kama nawafunga midomo, yule kama nimekuwa serikali. Mzee Chande akainua mkono.

"Kundi lisilo na salamu? Mtu haingii nyumbani kwa mtu bila hodi, hata kwa simu."

"Salamu zibaki kwenye kundi la zamani, mzee, na tanzia, na dua zote. Kwenye jipya, msemaji atapiga hodi mara moja, kisha atangaze zamu. Kwa sauti, si kwa maandishi, ili na asiyesoma asikie. Mwenye zamu ampigie kabla ya Magharibi, aseme amesikia. Asipopiga, msemaji anakwenda kumgongea mlango."

"Na huyo punda wa kuzunguka kugonga milango ni nani?" Muzamil akauliza.

"Mimi."

Wakacheka. Kisha wakakubali, maana kazi ya bure haina wagombea.

Tangu hapo kila alasiri nilishika simu: "Assalamu alaykum wana Ziwani. Hodi. Ni mimi Safina. Kesho mashine ipo kwa fulani." Wenye vitochi, simu zisizo na WhatsApp, walisikilizia kwa jirani. Muzamil alijaribu kujibu Amina, simu ikamkatalia, akanipigia kulalamika. Nikamwambia akaiseme kule kwa wenzake. Hakuna aliyekosa zamu tena.

Lakini kila asubuhi nilipita shambani kwangu. Weupe ulianzia matawi ya juu ukashuka. Niliyaona maua yangu yakigeuka meusi, nikarudi nyumbani, na alasiri nikatangaza shamba la mtu mwingine kwa sauti nzuri. Iliniuma, iliniuma sana.

Ikafika zamu ya Mzee Chande. Nikatangaza. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na jua likaanza kushuka bila mzee kupiga simu. Baada yake ni mimi. Akikosa, kesho Nuhu anakuja kwangu moja kwa moja, na maua ya matawi ya chini bado yalikuwa mazima. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa tu. Asiyekuwapo na lake halipo. Si maneno yake?

Nikachukua ufagio. Nikafagia uwanja, nikafagia na pasipo na taka. Kisha nikautupa, nikajitanda mtandio, nikaenda kwa mzee na hasira za kutosha watu wawili.

"Hodi!"

"Karibu."

Nilimkuta mlangoni amevaa kanzu, mkoba mkononi, bodaboda inamsubiri. Alikuwa akienda Nanyamba kulala huko, kesho yake ni hitma ya dada yake. Simu yake ilikuwa imezimika.

"Mzee, kesho mashine ipo kwako. Salfa iko wapi?"

"Ndani."

"Na ufunguo?"

Akapapasa mfuko wa kanzu, akautoa. Nikajua amejiona, kama nilivyojiona mimi siku ile.

"Ungekaa kwako tu," akasema taratibu, "kesho ingekuwa zamu yako."

"Najua."

"Sasa umefuata nini?"

"Nilisema nitakuja kugonga, nimekuja. Niachie ufunguo, nitamsimamia Nuhu mwenyewe."

Akaweka mkoba chini. "Nipe hiyo simu yako. Nabonyeza wapi?"

Nikamfungulia kundi la mashine, nikamshikia kitufe. Akaisogeza simu mdomoni, akasema kwa nguvu, kana kwamba Ziwani yote iko ng'ambo ya mto.

"Assalamu alaykum. Hodi. Ni mimi Chande. Asiyekuwapo na lake halipo, maneno hayo niliyasema mwenyewe. Kesho mimi sipo. Mashine iende kwa Safina, mimi narudi mwisho. Na muyaombee maua yake."

Akanirudishia simu, akapanda bodaboda akaondoka.

Alfajiri Nuhu alikuja, na salfa nilikuwa nimeshaitoa nje. Mashine ikanguruma, unga ukapanda kwenye matawi kama moshi wa njano. Maua ya juu yalikuwa yamekwisha, sikujidanganya. Ya chini yaliupata.

Nuhu aliposogea mikorosho ya mbali, nikatoa simu. Kundi la mashine lilikuwa kimya, kama tulivyokubaliana. Nikafungua lile la zamani. Kulikuwa na salamu, na picha ya waridi, halafu Amina ya Muzamil, Amina ya Tabu, Amina juu ya Amina tangu usiku, zote za maua yangu. Nikakaa chini nikazisoma moja moja, sikuruka hata moja.