Damu ya Pansara Haikauki

Kwetu milimani damu ya mwezi ina sheria yake: unahamia kibandani nyuma ya zizi, na hurudi mekoni mpaka ikauke na uoge. Ya Pansara, mke wa shemeji yangu, ilikataa kukauka. Theluji ilianza kuanguka naye bado yuko kule, na kikohozi kimemshika. Mama mkwe wetu, Jaukala, alimrushia mkate kwa mbali.

"Ikikauka atarudi," alisema. "Sitaki nyati wangu wa kukamwa akatike maziwa kwa damu hiyo."

Roho iliniuma, maana chanzo nilikijua. Mume wa Pansara yuko kazini India, na kila akija likizo anamwachia mimba. Ndiyo maana nilimpeleka kwa siri kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango. Mama mkwe akijua, si atamrudisha kwao bila watoto wake?

Nikashuka zahanati kwa nesi Kamala.

"Homoni zikipanda," alinieleza, "ukuta wa ndani ya mji wa mimba unanenepa. Zikishuka unabomoka, ndiyo hedhi. Na palepale palipochubuka panaanza kujiponya, hata kovu halibaki. Kima nao wanapata hedhi, wanapona hivyohivyo."

"Kima nao wana kibanda?"

"Kima hawana mama mkwe, dada." Tukacheka, halafu akakunja uso. "Sindano imezivuruga homoni zake. Ukuta umekuwa mwembamba, unachubuka na kuvuja. Hiyo si hedhi. Mtoeni kwenye baridi."

Mtoeni! Rahisi kusema. Nilipanda mlima nikitafuta uongo wa maana, nikaukosa. Mama mkwe alikuwa anachambua dengu. Nikamwambia yote, hata sindano.

Mikono yake ikasimama. "Kwa hiyo si ya mwezi?"

"Ni kidonda tu, mama. Kinavuja."

"Mundu uliponikata mguu, nililala wapi?"

"Hapahapa, mekoni."

"Haya basi."

Akachukua blanketi lake la sufu, akaenda kibandani mwenyewe. Alirudi amemshika Pansara kiunoni, akamketisha karibu na moto, akammiminia maziwa ya nyati, yaleyale ambayo hakuruhusiwa hata kuyatazama. Pansara alikishika kikombe bila kunywa.

"Mama, ile sindano..."

"Kunywa," alisema mama mkwe bila kumtazama. "Nilizaa tisa, nikazika watano. Mimi nani alinipeleka kuchomwa?"

Nikaongeza kuni.