Picha za Ijumaa

Kompyuta ya nyumba ile ilikuwa moja na wanawake walioitumia walikuwa wawili, na hapo tayari mwenye akili zake anajua kwamba maneno hayatakosekana. Ilikaa sebuleni, kwenye meza ya kona, kati ya dirisha na cherehani ya kutarizia. Ukiiwasha haikufunguka moja kwa moja kama kompyuta za watu. Kwanza ilikuuliza: unataka mfumo upi? Juu paliandikwa mfumo wa zamani, chini mfumo mpya. Ukichelewa kujibu, ilijichagulia wa juu.

Mfumo wa zamani ulikuwa wa mke wa Fundi Saa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nakshi kwa sababu ya maua na nembo alizowatarizia watu kwenye sare zao. Programu yake ya kuchorea nakshi ilikaribia umri wa ndoa yake, na kampuni iliyoitengeneza ilishafunga milango zamani. Haikukubali kukaa kwenye mfumo mpya hata kwa kubembelezwa. Kwa hiyo mfumo wa zamani ulibaki palepale, na ndani yake zilikuwamo nakshi zote alizowahi kuchora: ndege, maua, mizabibu ya pindo, nembo za shule na za zahanati. Hazikuwapo kwingine.

Mfumo mpya ulikuwa wa wifi yake. Wifi wa damu, si ile ya hewani, ingawa Mama Nakshi alipenda kusema kwamba hata ile ya hewani kuna siku inakatika. Wifi huyu alikuwa mdogo wake Fundi Saa. Alikuja ndoa yake ilipovunjika, na begi moja, akasema ni kwa wiki mbili tu. Sasa chumba cha kitinda mimba, aliyekwenda kujitegemea, kilikuwa chake. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu vya masomo kwa sauti na kuvirekodi, kisha kuvipeleka shule ya wasioona.

Fundi Saa, mtu wa haki, aliikata diski ya kompyuta katikati kama anayejenga ukuta wa nyumba ya wapangaji wawili. Nusu kwa mke, nusu kwa dada. Lakini nusu ya dada haikukaa mwezi bila kujaa.

"Wifi, nafasi imekwisha tena," alikuwa akisema, kichwa kikichungulia mlangoni. "Huwezi kunimegea kidogo tu?"

"Nikumegee nini tena? Chumba nimeshakumegea."

Wote walicheka. Ulikuwa utani wa mawifi, na Mama Nakshi alijua kuuma na kupuliza. Lakini siku nyingine alisahau kupuliza. Moyoni alijiuliza mtu anawezaje kusoma vitabu vingi kiasi hicho, na kama sauti nazo zinanenepa.

Kila Ijumaa Fundi Saa alirudi kutoka kwenye kibanda chake cha saa, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa mezani kupiga picha ya diski. Si picha ya kutundika ukutani. Ni nakala ya kila kilichomo katika ile nusu ya mkewe, mfumo, programu na kazi zake, vyote vikiwa vimefungwa kwenye faili moja kubwa. Nusu ile ikiharibika, unairejesha kwa picha yake, na kila kitu kinarudi kilivyokuwa siku ulipopiga. Kwa kuwa mfumo haukubali kupigwa picha huku unafanya kazi, Fundi Saa aliingia kupitia mfumo wa dada yake. Picha ilitua kwanza kwenye nusu ya dada, halafu yeye akainakili kwenye diski ndogo ya nje na kufunika ile ya wiki iliyotangulia.

"Hiyo iliyobaki kwako sasa ifute," alimwambia dada yake kila mara.

"Sawa, kaka."

Picha ikabaki moja, ya Ijumaa ile, kwenye droo ya Fundi Saa. Alitaka iwe hivyo. Kibandani kwake, kipuri kilichotolewa kwenye saa kilikwenda pipani papo hapo kabla kipya hakijafungwa, kwa sababu ukikiacha mezani, kesho utakirudisha kwenye saa ya mtu. Kwa kanuni hiyo hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Hakuona kwa nini kompyuta iwe na kanuni nyingine.

Jumamosi moja asubuhi akaja msimamizi wa wahudumu wa hoteli, na aproni kuukuu mkononi. Kifuani mwa aproni palikuwa na ua lenye shina lililopinda, kazi ya Mama Nakshi ya miaka iliyopita. Hoteli ilikuwa inabadilisha sare, alisema, na mwenye hoteli hataki ua jingine. Anataka lilelile, kwa wafanyakazi wote.

"Lilelile utalipata," Mama Nakshi akamwambia. "Njoo Jumatano uone la kwanza."

Mgeni alipotoka akaliita ua kwenye kompyuta. Hakuwa amelifungua siku nyingi, kwani miezi ile yote alikuwa akihangaika na nembo moja tu ya shule. Programu ikafunguka vizuri. Faili nalo likafunguka. Lakini palipotakiwa kuwa na ua palikuwa na nyuzi zilizotawanyika huku na huko, kama mahali kuku alipoparua. Akalifunga, akafungua ndege. Ukatokea mdomo, bila ndege. Akafungua mizabibu na kukuta weupe mtupu. Nembo ya shule peke yake ndiyo ilikuwa nzima.

Mama Nakshi aliogopa, tena si kidogo. Cherehani kila mtu anaweza kununua. Watu walivuka mitaa mitatu kuja kwake kwa sababu ya zile nakshi, na bila zile nakshi alikuwa mama mwenye cherehani, basi. Akampigia mumewe simu, na sauti ikamtoka nyembamba mpaka mumewe akadhani kuna msiba.

Fundi Saa alikuja, akatazama, akauliza maswali yake ya kifundi.

"Itakuwa ile siku umeme ulipokatika kompyuta ikiwa inaandika," akasema. "Tulia, mama watoto. Picha ya jana ipo."

Akaitoa nembo ya shule kwanza na kuiweka pembeni, maana ilikuwa salama. Kisha akatoa diski kwenye droo, akaanza kurejesha. Walisubiri. Chai ilimiminwa, ikapoa, haikunywewa. Kazi ilipokwisha, Mama Nakshi alilifungua ua mwenyewe, na kuku alikuwa ameparua palepale.

Fundi Saa aliliangalia muda mrefu.

"Picha haina kosa," akasema taratibu. "Ukimpiga picha mgonjwa, anatoka mgonjwa. Huu ugonjwa si wa jana."

"Basi rejesha ya wiki iliyopita."

"Nimeifunika kwa ya jana."

"Ya mwezi uliopita?"

Fundi Saa alikaa akitazama vidole vyake, vile vidole ambavyo havijawahi kupoteza skrubu. "Nimekuwa nikitupa saa nzima," akasema, "nikidhani natupa kipuri."

Wakati huo ndipo wifi alipotoka chumbani, vipokea sauti vikining'inia shingoni. Alikuwa katikati ya sura ya kitabu na hakusikia lolote.

"Kuna nini?"

Wahenga walisema hasira hasara, lakini naamini walisema wakiwa wametulia. Mama Nakshi hakuwa ametulia. Kwa mumewe alishaona kwamba hakuna wa kugombana naye, mtu mwenyewe keshajihukumu. Hasira ikatafuta pa kutua.

"Kuna wewe," akasema. "Kila siku nafasi, nafasi. Huyu kaka yako amekuwa akiingia na kutoka kwenye hii kompyuta kwa ajili yako mpaka kazi yangu imekufa. Ulikuja kwa wiki mbili, wifi. Ndiyo maana huko ulikotoka hukukaa."

"Mama watoto!" Fundi Saa akasimama.

Neno lilikuwa limeshatoka. Mama Nakshi alilisikia likifika, akaona uso wa mwenzake ukibadilika. Wifi aliinua kiganja kumzuia kaka yake asiongeze. Alivua vipokea sauti, akavuta kiti, akaizima kompyuta na kuiwasha upya, akachagua mfumo wake.

"Kaka, usinikasirikie," akasema bila kugeuka.

Akafungua folda. Ndani yake zilijipanga picha za diski kutoka juu hadi chini, kila moja na tarehe yake, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka mwaka uliopita.

"Nilikwambia ufute," Fundi Saa akasema.

"Uliniambia. Nikasema sawa."

"Na hukufuta."

"Sikufuta."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Fundi Saa alifurahi kutotiiwa. Akaenda kunawa mikono bila sababu yoyote, akarudi. Wakaanza. Walichukua picha ya mwezi uliopita, wakairejesha, wakawasha, wakafungua ua, na kuku bado yuko. Wakarudi nyuma zaidi. Kila picha ilikula muda wake, na kioo kikaonyesha mstari unaojaza pole pole, na hapakuwa na la kufanya ila kukaa. Jua lilitoka dirisha la mbele likahamia la nyuma. Mama Nakshi alikaa kwenye kochi, mikono mapajani.

Mwishowe akauliza kitu kidogo, maana kikubwa kilikataa kutoka.

"Kwa nini uliziweka?"

Wifi alikuwa akiutazama ule mstari.

"Siku ile niliporudi kwangu nikakuta kufuli jipya," akasema. "Nikadhani nguo zangu ziko ndani, nitazifuata. Kumbe vitu vyangu vyote vilishagawiwa. Vyombo sikujali. Lakini kulikuwa na barua za mama, na rekodi yake akiimba jikoni, mbovu mbovu tu, na sufuria zinasikika. Nilipouliza, niliambiwa, ah, vile? Vile tulivitupa, tulidhani huvihitaji." Akasogeza kipanya pembeni. "Tangu hapo, nikifika kwenye kufuta kitu cha mtu, mkono unagoma. Kaka anasema futa, nami nasema sawa ili asinione mjinga. Halafu nafuta vya kwangu."

"Vyako vipi?"

"Vitabu. Nikishavipeleka shule navifuta hapa, ili picha zako zipate pa kukaa. Wakivipoteza nitasoma tena. Sauti ninayo."

Fundi Saa aliinamisha kichwa. Mama Nakshi hakuweza kumtazama yeyote. Miezi yote ile alikuwa amemcheka huyu mwanamke kwa kukosa nafasi, na nafasi ilikuwa imejaa yeye, Mama Nakshi, na ndege zake na mizabibu yake. Aliona aibu, na alijua ni aibu, hakuipa jina jingine.

Mstari ukajaa. Fundi Saa akawasha mfumo wa zamani, akampisha mkewe kiti. Mama Nakshi akalifungua ua. Lilitokea zima, majani yake yote, shina limepinda kama alivyolipinda yeye mwenyewe zamani. Akafungua ndege, akatokea na mabawa. Akafungua mizabibu, ikatambaa kioo kizima. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Fundi Saa alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. Akasema anakwenda kununua diski nyingine, kubwa, ya kuwekea Ijumaa zote, na akitokea mtu wa kumwambia afute kitu atamfunga kamba. Akatoka bila kofia. Mawifi wakabaki wawili.

Wifi alikuwa ameinuka kurudi chumbani. Sura ya kitabu ilimngoja.

"Wifi," Mama Nakshi akamwita. "Lile neno la asubuhi. La huko ulikotoka. Nimekosa. Naomba ulisahau."

Wifi alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Alifikiri kweli, si kwa kujionyesha.

"Sitalisahau, wifi," akasema. Hakuwa na hasira. "Ningekwambia nimesahau ningekuwa nakudanganya. Mimi nikipewa kitu nakiweka."

Mama Nakshi akaitikia kwa kichwa. Lilimchoma, na ilikuwa haki yake limchome.

"Lakini na hili la sasa nimeliweka," wifi akasema.

Akaachia kitasa. Akarudi, akavuta kiti cha pili mpaka karibu na cha mwenzake, akakaa, akainama kutazama ua kwa karibu.

"Hapa kwenye shina," akauliza, "ulianzia juu au chini?"

Mama Nakshi alijifuta uso kwa upande wa kanga, akashika kipanya, akaanza kumwonyesha.