Vibao Viwili Chini ya Nguzo

"Pima tena," mkaguzi alisema.

Mzee Nyasi akainyoosha tena futi ya chuma kutoka chini hadi kwenye mwamba wa goli la kusini. Pungufu sentimita tatu, vilevile.

Mkaguzi alitumwa kuamua kama uwanja wa taifa unafaa kwa mechi na nchi nyingine. Waliomtangulia walipima goli la kaskazini tu, lenye kivuli. Huyu hakuogopa jua. "Rekebisheni. Narudi saa kumi."

Mzee Nyasi alibaki akikuna kichwa. Miaka kumi na tisa anautunza uwanja huu, na chuma hakipungui kwa kunyeshewa. Sasa sentimita hizo zimekwenda wapi? Udadisi ulimkaba. Akawaita wenzake wawili, wakaing'oa nguzo moja ya kaskazini. Ndani ya shimo lake kulikuwa na kibao. Wakaing'oa ya kusini. Patupu.

Hapo akakumbuka. Vibao vya kusini vilioza, akavitoa kwa mkono wake, akasema ataweka vingine kesho. Kesho hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita, siku mbili kabla ya mdogo wake kupiga penalti ya mwisho. Mpira uligonga mwamba huu huu, ukaruka nje. Tangu siku hiyo watu humwita Mwamba, hata watoto wake wanaitwa wa Mwamba. Aliacha mpira, akawa seremala, wala hakukanyaga uwanjani tena.

Angeweza kununua vibao dukani na kuficha kosa lake. Lakini aliona aibu, akaona pia kwamba aibu hiyo si ya mdogo wake. Akapiga simu.

"Nikatie vibao viwili, unene sentimita tatu."

"Vya nini, kaka?"

Akamweleza yote, bila kujitetea. Upande wa pili randa ikawekwa chini.

"Kwa hiyo mpira ule ungeingia?"

"Sijui, mdogo wangu. Wallahi sijui."

Simu ikakatika. Mzee Nyasi alidhani amempoteza.

Saa tisa na nusu seremala aliingia uwanjani, vumbi la mbao nyweleni, vibao kwapani. Hakusalimia. Alipiga magoti, akavipanga mashimoni mwenyewe, wakasimamisha goli. Mkaguzi akapima, akatia saini, akaondoka.

"Kaka, mpira upo?"

Mzee Nyasi akaleta mmoja. Mdogo wake akauweka kwenye alama nyeupe, akavua ndala, akarudi nyuma hatua saba, macho juu, kwenye mwamba.