Pijo Lililokataa Kuwaka Kakuma

Kila alfajiri Kariuki aliliwasha lile gari lao kuukuu la Pijo, na kila alfajiri liliitika mara moja. Hapo ndipo wivu ulipoanzia. Mkewe, Bilha, alilitumia kupeleka samaki wakavu wa Kalokol kwa Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na kila safari alirudi Lodwar giza limeingia, na wimbo wake ni uleule: alilizima likiwa moto, likakataa kuwaka mpaka lilipopoa.

"Na ulingojea wapi?"

"Kwa Malith. Pale gereji kuna kivuli."

Malith. Fundi Mdinka wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye kicheko cha upole. Kariuki alikuwa amemwona mara moja tu, na mara hiyo ilimtosha. Yeye mwenyewe alikuwa fundi, mtu wa Nyeri aliyekula vumbi la Turkana miaka na mikaka, na Lodwar nzima hakuna aliyemshinda kwa Pijo. Gari liwe zima nyumbani kwake, halafu liugue mlangoni pa mwanamume mwingine? Uongo wa namna hiyo hata mtoto asingeumeza.

"Hii gari haina shida," alimwambia mkewe.

"Baba Njeri, ijaribu mchana, ikishatoka safari."

"Gari haijui saa, Mama Njeri."

Fundi mzima, kusema maneno kama hayo! Alfajiri ya Lodwar ina kaubaridi kake, na injini iliyolala usiku kucha huficha maradhi mengi. Lakini mwenye wivu humwambii kitu akasikia. Kutwa nzima gerejini alimwona Bilha kwa macho ya moyo, ameketi kivulini, kikombe cha chai mkononi, anacheka. Alikaza nati mpaka zikakatika. Wateja wakaanza kumwogopa.

Siku moja akatangaza kwamba angeendesha yeye. Bilha alifurahi kwelikweli, akidhani mumewe amekubali hatimaye kuona ubovu wenyewe. Maskini, hakujua kwamba anapelekwa kufumaniwa.

Walifika Kakuma jua la utosi. Kariuki akalizima gari mbele ya gereji ya Malith, akangoja samaki washushwe, kisha akarudi kwenye usukani na kuwatazama Bilha na Malith kama hakimu.

"Sasa angalieni," akasema, akapiga stata.

Stata ilizunguka, injini isishike. Akapiga tena, na tena, mpaka betri ikaanza kulegea na jasho likamwingia machoni.

"Ejok, mzee," Malith akasalimia kwa Kiturkana. "Wacha kwanza, utamaliza betri."

Akafungua boneti, akalowesha kitambaa na kukizungusha kwenye paipu ya petroli. "Paipu iko karibu sana na egzosi. Gari ikisimama, joto inapanda, petroli inachemka humu ndani, inakuwa mvuke. Haifiki kabureta."

Kariuki akaitazama ile paipu. Mganga hajigangi: aliyeifunga pale ni yeye mwenyewe, mwaka uliotangulia, siku aliyokuwa na haraka. Aibu ikampanda, ikageuka hasira.

"Kama ulijua, mbona hukutengeneza? Ama ulipenda akae hapa?"

Malith akashangaa. "Mimi nilimwambia mama siku ya kwanza. Ni kazi kidogo tu. Akakataa kabisa. Anasema gari ya fundi haiguswi na fundi mwingine, watu watacheka bwana yake. Anasema yeye atangoja ipoe."

Kariuki alitamani ardhi impasukie. Desturi hiyo aliijua. Ndiyo heshima ya mafundi popote. Safari zote zile alizomshuku, mkewe alikuwa ameketi kwenye joto la Kakuma akilinda jina lake.

Akageuka amwombe radhi. Bilha alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kumbe ulikuja kunifumania," alisema polepole.

"Mama Njeri, mimi..."

"Malith, chukua spana. Hamisha hiyo paipu."

Malith hakuinua mkono. Alimtazama Kariuki, fundi kwa fundi, akingoja ruhusa.

"Usimwangalie yeye," Bilha akasema. "Anayesafiri nayo ni mimi."

Kariuki akasogea pembeni, akampisha mwanamume mwingine ainamie Pijo lake. Wivu ukamchoma upya, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.