Hatua Kumi na Moja Hadi Chooni

Nilipasuliwa moyo, na mtu pekee wa kuniinua kitini mchana alikuwa mama mkwe wangu.

Asiyejua kwetu atauliza shida iko wapi. Shida ni kwamba mimi na mama mkwe tumeheshimiana miaka ishirini na minne bila kushikana hata mkono. Yeye ni Wambeti wa Runyenjes, mwenye kahawa na mdomo. Mimi ni Mutegi wa Mitunguu, mwenye ndizi. Nikienda kwake nakaa upande wangu wa sebule, naye huongea nami akitazama mlango, kana kwamba mlango ndio ulioleta mahari. Chumba anacholala mkwe wake hakanyagi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sijawahi kuona mtu aliyekufa kwa adabu. Nusura niwe wa kwanza.

Moyo wenyewe ulikuwa hivi. Mishipa mitatu inayoulisha ilikuwa imezibwa na mafuta. Nikipanda kilima kidogo na mkungu begani, kifua kinabana kama nimefungwa kamba. Daktari wa Nairobi akanichorea kwenye karatasi. Nikamwuliza kwa nini asizibue tu, kama tunavyozibua paipu za maji shambani. Akasema hizi zimeharibika mno. Atatoa mshipa mrefu mguuni mwangu, aukate vipande, kila kipande akishone kuanzia kwenye mshipa mkuu hadi mbele ya pale palipoziba. Damu itapita kando.

"Na mguu utatembeaje?" nikamwuliza.

"Mguu una mishipa mingine. Utavimba kidogo, kisha utazoea."

Mke wangu Ednah, aliyekuwa ameukumbatia mkoba wake tangu tuingie, akasema, "Basi kuanzia sasa moyo wake utanuka soksi."

Ili waufikie moyo, walinipasua mfupa wa katikati ya kifua kwa msumeno, wakamaliza wakaufunga kwa waya. Hapo ndipo wagonjwa wengi hatuelewi. Tunaogopa moyo, na moyo ukishashonwa hauna maneno mengi. Mwenye maneno ni mfupa. Siku ya kutoka, nesi alinieleza polepole: wiki nane usisukume, usivute, usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Ukikohoa, kumbatia mto. Ukitaka kusimama, kunja mikono kifuani, tumia mapaja, na mtu akushike nyuma ya bega.

"Ukijisukuma kwa mikono," alisema, "mfupa unaweza kuachana."

Nikamwitikia vizuri kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Daktari alitaka niwe karibu na kliniki ya kusafisha kidonda, kwa hiyo sikurudi Mitunguu. Nikawekwa Embu, mtaa wa Dallas, nyumbani kwa shemeji yangu Njuki, kaka yake Ednah. Njuki ni mtu wa ofisi, ana miaka arobaini, hajaoa, anasema bado anaangalia. Ednah naye hangeweza kukaa. Zamu yetu ya maji ya kumwagilia ni Jumanne na Ijumaa, na ukikosa yako jirani haulizi uko wapi, anafungulia ndizi zake. Ndipo akamwita mama yake atoke Runyenjes aje kunitunza mchana.

"Ukitaka kuinuka, mwite mama," Ednah aliniambia. "Mambo ya wakwe yaweke kando wiki hizi."

"Nimesikia," nikasema. Na kweli nilikuwa nimesikia. Kukubali ni kitu kingine.

Mpango wangu ulikuwa huu. Njuki ataniinua saa kumi na mbili asubuhi, anipeleke chooni, anikalishe kwenye kiti chumbani, nami nitakaa hapo mpaka arudi saa kumi na moja jioni. Ulikuwa mpango mzuri, ila nilikuwa nimepewa kidonge cha kutoa maji mwilini. Kutoka kitini hadi chooni ni hatua kumi na moja. Nilizihesabu kila asubuhi nikishikwa na Njuki, na mchana kutwa nilizihesabu kwa macho.

Mama mkwe alikaa sebuleni, ukuta ukiwa kati yetu. Akipika, aliweka chakula juu ya stuli mlangoni, akaisukuma ndani kwa mpini wa ufagio mpaka inagonga magoti yangu, uso wake umegeukia jikoni. Mara moja uji ulimwagika, tukalaumiana bila kuonana. Kwa simu tulimwambia Ednah kwamba tunasaidiana vizuri.

Ili nisihitaji choo, niliacha kunywa.

"Baba Ntinyari," aliniita kupitia ukutani. Ntinyari ni binti yetu wa kwanza. "Uji umerudi nusu."

"Nimeshiba, mama."

"Kuku wangu wanakushinda kula. Na hao hawajapasuliwa."

Kisha nikamsikia akiomba kwa sauti, ili mimi na Mungu tusikie pamoja: "Bwana, huyu uliyemfungua kifua, mfungue na kichwa."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mambo yalikataa. Nilimpigia Njuki simu mara tatu. Alikuwa mkutanoni. Watu wa ofisi wana mikutano kama sisi tulivyo na magugu. Nikafunga macho, nikayafungua, nikautazama mlango wa choo. Nikaweka mikono miwili kwenye kiti, nikajisukuma.

Kifua kikalia, ka! Kama ukuni mkavu ukivunjwa kwenye goti.

Nikarudi kitini na jasho mpaka shingoni. Kila nikivuta pumzi nilihisi kitu ndani kinasuguana na kingine. Nikamwona Ednah peke yake Mitunguu, gambuti miguuni, anavuta paipu kutoka shina hadi shina, na simu inaita mfukoni mwake. Na wakimwuliza mume aliuawa na nini, atajibu choo.

"Mama!" nikaita.

"Ee?"

"Kifua kimelia."

Sufuria iliwekwa chini. Nikasikia nyayo. Aliingia kinyumenyume, kitambaa cha kichwa amekishusha mpaka puani, akipapasa ukuta kama mwizi.

"Uko wapi?"

"Niko nyuma yako, mama. Geuka tu."

"Nikigeuka ni mbuzi, baba Ntinyari. Unajua."

Nilijua. Kwa wazee wa kwao, mkwe akitaka heshima hiyo ilegezwe hutoa mbuzi na blanketi.

"Nitatoa."

"Dume au jike?"

"Mama, mkojo."

"Huo umesubiri tangu juzi, nilikuwa nahesabu. Dume au jike?"

"Dume!"

"Rangi?"

"Yoyote, haki!"

"Mweusi. Na blanketi zito, si la kufunikia mtoto."

Akageuka. Nikaona macho yake kwa mara ya kwanza karibu hivyo, na nikaelewa kwamba maneno yale yote yalikuwa ya kuficha woga wake. Akanishika nyuma ya bega.

"Kunja mikono," akasema. "Kumbatia mto. Miguu irudi nyuma kidogo. Usinisaidie, nimebeba kahawa miaka hamsini, wewe ni debe mbili tu."

Kumbe yote aliyoyasema nesi aliyajua. Ednah alimfundisha, naye akayashika, akayakalia sebuleni siku tatu akingoja kuitwa. Tukaenda hatua kumi na moja, yeye akitazama dari. Nilipokuwa ndani alisimama nje ya mlango akasimulia kwa sauti kubwa habari za ng'ombe wake aliyekataa kukamwa, ili pasisikike kingine. Hadithi ilikuwa ndefu. Niliihitaji yote.

Halafu alimpigia Njuki simu mwenyewe, na mkutano ukaisha mara moja. Kliniki walinipiga eksirei. Daktari akaitazama picha kwenye mwanga, mimi nikimtazama yeye. Akasema waya zote ziko mahali pake, moyo hauna neno, mishipa mipya inapitisha damu. Mfupa ndio uliotikisika. Ungeachana, ningerudishwa Nairobi kufungwa upya. Akanivisha mkanda mpana wa kifua na kuongeza wiki nne.

"Nyumbani hakukuwa na mtu wa kukuinua?" akauliza.

Mama mkwe akajibu kutoka kwenye benchi, uso wake ukutani: "Mtu alikuwepo, daktari. Mbuzi ndiye hakuwepo."

Toka siku hiyo aliniinua kila niliposema, na pengine hata kabla sijasema. Uji niliumaliza. Alinivisha soksi ndefu ya ule mguu uliotoa mshipa, akilalamika kwamba soksi hakumvisha hata marehemu mumewe. Njuki akasema tumekuwa watu wa kisasa. Mama yake akamwambia alete kwanza mke, ndipo azungumze habari za wakwe.

Mfupa ulishikana. Nilirudi Mitunguu mwisho wa wiki ya kumi na mbili, na ndugu yangu Salesio akampeleka mbuzi Runyenjes, kwa kuwa mimi bado sikuruhusiwa kuvutana na beberu.

Hesabu ya kujisukuma mara moja ni hii. Wiki nne juu ya zile nane. Eksirei tatu na mkanda mmoja. Zamu nane za maji ambazo Ednah alimwagilia peke yake. Mikungu thelathini na sita iliyoivia mgombani kwa kukosa wa kuibeba. Beberu mmoja mweusi. Blanketi moja zito, la buluu, alilolichagua mwenyewe.