Kiti cha Barzillai Maule

Vita vya Waingereza na Wafaransa vilipofika mpakani mwa Pennsylvania, Barzillai Maule alikuwa mjumbe wa baraza la koloni hilo la Waingereza. Alikuwa pia Mkweka, na dhehebu lake la Kikristo lilimkataza vita vya kila namna. Asubuhi moja jirani yake, Konrad Weidner, alimfuata zizini.

"Mheshimiwa, dada yangu ameuawa. Wanawe wamejificha kanisani huko mpakani. Kesho barazani mnaamua kama watu wa mpakani wapewe bunduki, na kura yangu nilikupa wewe. Utasemaje?"

"Siwezi kuidhinisha mauaji, Konrad."

"Kwa hiyo sisi tukichinjwa, utatuombea?"

Barzillai aliingia ndani. Mezani chakula kilimshinda, akamweleza mkewe, Tamar.

"Ukikataa, unawafunga mikono waliokuchagua. Ukikubali, wewe si wewe tena," Tamar alisema. "Lakini hicho kiti ni chako, Barzillai, au ni chao?"

Kesho yake alisimama barazani akajiuzulu, ili waliomchagua wapate mtu wa kusema wanachotaka. Kazi ile aliipenda sana. Wajumbe wengine walimwita mwoga.

Kutoka hapo alifunga farasi kwenye gari, akaenda mpakani bila silaha, akarudi na wapwa wa Konrad, wachafu lakini wazima.

Konrad aliwakumbatia akilia. Kisha akamgeukia Barzillai.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Ingia basi, Tamar amepika."

Konrad akafuta machozi, akaingia.