Uwanja Uliopewa Mgongo

Uwanja wa katikati ya mji ulikuwa umepewa mgongo, na hayo si mafumbo. Safu ya maduka iliyopakana nao ilijengwa enzi ambapo stendi ya mabasi ilikuwa upande wa pili, mtaani. Kila mwenye duka akafungua mlango kule kwenye abiria, na uwanjani akaacha ukuta mtupu. Stendi ilipohamishiwa nje ya mji, maduka yalibaki yakitazama mtaa uliopungukiwa watu, na uwanja ukabaki na nyasi, matope na tangazo ukutani linalokataza kukojoa. Tangazo lenyewe ndilo lililolowa kuliko ukuta wote.

Mpangaji wa mji alikuwa akiuona ukuta huo kila siku kutoka dirishani mwa ofisi yake. Watu walimwita Bi Chokaa. Jina hilo lilianzia kwenye mkutano mmoja ambapo wajumbe waliipitisha ramani yake kwa vichwa vya kukubali, nayo imegeuzwa juu chini. Tangu siku hiyo hakumwekea mtu karatasi mbele. Alichukua ndoo ya chokaa, akauchora mpango ardhini kwa ukubwa wake wa kweli: hapa benchi, hapa mti, hapa mlango. Kisha akawaambia watu waingie ndani ya mchoro watembee.

Safari hii alikuwa na shindano na malori. Madereva walikuwa wakiegesha barabarani usiku kucha, wakazi wanalalamika, na mwenyekiti wa halmashauri aliona uwanja mtupu uko pale unamkodolea macho, akataka kuugeuza maegesho. Hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Bi Chokaa akieleza jinsi maduka yatakavyougeukia uwanja na moyo wa mji utakavyoanza kudunda tena, kisha akampa nafasi ya kujaribu siku moja.

"Nionyeshe watu, mpangaji," alimwambia. "Michoro ninayo ya kutosha kufungia samaki."

Wenye maduka walikubali mmoja baada ya mwingine, kinyozi wa kwanza, muuza vitambaa wa mwisho baada ya kuhakikishiwa kwamba jua halitapausha bidhaa zake. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, fundi saa, mwenye duka la katikati kabisa. Naye alikuwa mjomba wake Bi Chokaa, kaka wa mama yake, tumbo moja. Kila alipoguswa kuhusu mpango huo, alisema hapana na kurudisha jicho kwenye kioo chake cha kukuzia. Bi Chokaa alijua mjomba wake akishikilia jambo hung'ang'ana nalo kama kupe, kwa hiyo hakumsumbua zaidi. Kinyozi alimcheka, akamwambia kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya majaribio, uwanja ulikuwa mweupe kwa mistari. Wenye maduka walibeba bidhaa, wakauzunguka mwisho wa safu, wakazipanga pale ambapo milango mipya ingekuwa. Na kila mmoja, kabla ya kuondoka, alifunga mlango wa mtaani kwa kufuli. Hakuna aliyewaambia wafunge. Katika mji ule duka lilikuwa na mlango mmoja tangu babu na bibi, maana mwenye duka ana macho mawili tu, na yote huyaelekeza mlangoni. Hata Bi Chokaa alikuwa amechora hivyo hivyo: mlango ameutoa mtaani, ameupeleka uwanjani. Yeye pia alikuwa mtoto wa mji ule.

Wateja walikuja kwa njia yao ya kila siku, mtaani, wakakuta makufuli kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. Wakadhani kuna msiba. Duka pekee lililokuwa wazi lilikuwa la fundi saa, basi wakajazana pale wakiuliza kwa sauti za chini ni nani aliyefariki. Mzee aliwajibu bila kuinua kichwa kwamba hajafa mtu, wamehamia nyuma ya ukuta tu. Wengi hawakumwelewa. Walitoa pole, wakaenda zao.

Kule uwanjani, mpaka mchana wenye maduka walikuwa wakiuziana wao kwa wao. Mwenyekiti alifika, akasimama kwenye ukingo wa chokaa, akatazama huku na huku. Alisema tu kwamba suala la malori lingejadiliwa kikao kijacho, akaondoka.

Bi Chokaa aliwasaidia watu kurudisha bidhaa, kisha akaenda dukani kwa mjomba wake. Alikuwa na chokaa hadi kwenye viwiko. Mzee alimwonyesha kigoda kwa kidevu. Bi Chokaa alikaa, akiangalia vidole vya mzee vikilishika gurudumu dogo kama punje ya ulezi, na ndipo akauliza swali ambalo kumbe hakuwahi kuliuliza.

"Mjomba, kwa nini hutaki?"

"Vumbi," mzee alisema. "Chembe moja ya vumbi la uwanja wako ikiingia humu, saa ya mtu imesimama. Mmekuja wangapi kunishawishi? Hakuna aliyeniuliza."

Bi Chokaa alikubali kwa kichwa. Aligeuka kuutazama ukuta wa nyuma. Ilikuwa mchana, jua limejaa mtaani, lakini mezani kwa fundi taa ilikuwa ikiwaka, maana mwanga wa mlangoni haukufika hadi pale. Akafikiri juu ya vumbi, juu ya taa, na juu ya wale wateja waliosimama mtaani wakitoa pole, hatua chache tu kutoka uwanjani, bila njia ya kupita. Aliomba ruhusa, akainama, akachora mstari wa chokaa sakafuni, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma.

Akaeleza. Upande huu ungekuwa ujia wa watu kutoka mtaani hadi uwanjani. Upande ule lingebaki duka, mlango wake ule ule mmoja, lakini ukuta wa nyuma ungekuwa kioo kisichofunguka: mwanga uingie, vumbi libaki nje. Na maduka mengine yasihamishe milango. Yaache ya mtaani wazi na kuongeza ya uwanjani.

Mzee alivua kioo jichoni, akaufuata mstari hadi ukutani.

"Umenipunguzia duka, mpwa wangu."

"Nimekupunguzia upande wa maboksi matupu, mjomba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Halafu akatoa sharti lake: uwanja utandazwe mawe kwanza, ndipo nyundo iguse ukuta.

Mwenyekiti aliposikia alishangaa, kwa kuwa mawe hutandazwa mwisho, yasije yakavunjwa na magari ya ujenzi. Bi Chokaa alimjibu kwa upole kwamba hakutakuwa na magari. Mawe yalikuwepo, masalio ya barabara fulani, yamelala kwenye yadi ya halmashauri yakiota majani. Wangeyabeba kwa mikono. Mwenyekiti akaahirisha kikao cha malori.

Waliyabeba kweli. Muuza vitambaa alikuja na wanawe na mikokoteni. Madereva wawili wa malori, waliokuwa wamechoka kungoja, walijiunga, wakajenga na mabenchi. Kinyozi alitandaza jiwe moja, likacheza kila lilipokanyagwa, na tangu hapo akapewa kazi ya kuchota maji. Bi Chokaa alitembea mbele yao na ndoo, na kila mstari wake mweupe ulifuatwa na jiwe, mpaka uwanja mzima ukawa mgumu, safi, unaong'aa baada ya kuoshwa.

Ukuta wa nyuma wa fundi saa ulivunjwa asubuhi, upande wa ujia na upande wa duka. Fundi saa alifunika meza yake kwa shuka mbili, akasimama nje ameshika kiuno. Mwashi alipotoa tofali la mwisho na kioo kikasimamishwa mahali pake, mwanga uliingia hadi kwenye droo. Mzee alifunua meza, akaketi, akafungua saa iliyokuwa imemshinda kwa muda mrefu. Akazima taa. "Kumbe nilikuwa nafanya kazi nimefumba macho," alimwambia mpwa wake.

Mtu wa kwanza kupita kwenye ujia alikuwa mama mmoja mwenye beseni kichwani na simu sikioni. Hakupunguza mwendo wala kutazama juu. Alipita kama aliyezaliwa akipita pale, akatokea uwanjani huku akiendelea kumgombeza mtu kwenye simu. Bi Chokaa aliegemea ukuta. Wengine walifuata, wakarudi na wenzao. Muuza vitambaa alitandaza majora yake nje ya mlango wake mpya. Kinyozi alitoa kiti, na foleni ikakaa yenyewe kwenye mabenchi.

Mwenyekiti alikuja kuona. Alisimama katikati ya ujia, akitazama umati, mikono nyuma. Binti mwenye mkokoteni wa ndizi alimgusa bega.

"Samahani, mzee. Unaziba njia."

Mwenyekiti alijibana ukutani, akampisha, akampisha na wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena. Aliwatazama wale madereva wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi walilolijenga.

"Malori yatafutiwe pengine," alisema, kwa sauti iliyosikika hadi mtaani, na kelele za shangwe zilizopanda uwanjani zikamzuia kusema zaidi.